Tom Mboya na mzozo wa nani awasemee wafanyakazi wa Afrika

JINA la Tom Mboya linapotajwa jijini Nairobi, wengi hukumbuka barabara iliyopewa jina lake, sanamu yake iliyozinduliwa mwaka 2011 karibu na mahali alipouawa, au ndege zilizowabeba vijana wa Kenya kwenda kusoma Marekani. Ni wachache wanaokumbuka kwamba jina hilo liliwahi kuzua mabishano makali kutoka Accra hadi Brussels, na kutoka Casablanca hadi Pumwani, kuhusu iwapo kijana huyo alistahili kukalia kiti cha Afrika katika shirika la kimataifa la wafanyakazi.

Kwa wafuasi wake, hakukuwa na Mwafrika mwingine aliyekuwa na akili, ufasaha na ujasiri wa kuwakabili wakoloni na matajiri kwa lugha waliyoielewa. Kwa wapinzani wake, alikuwa mlango ambao Marekani na Uingereza zilitaka kuupitia ili zirudi Afrika baada ya kufukuzwa.

Athari za mzozo huo zingali zinaonekana Eastlands. Kando ya barabara ya Digo, karibu na soko la Gikomba, lipo jengo la Solidarity, ambalo ni makao makuu ya Muungano wa Vyama vya Wafanyakazi, COTU. Mamilioni ya wachuuzi na abiria wamelipita bila kujua kwamba ujenzi wake ulitokana na msaada wa wafanyakazi wa Marekani, na kwamba msaada huo ulikuwa miongoni mwa mambo yaliyomgharimu Mboya sifa mbele ya viongozi wenzake wa Afrika.

MTOTO WA NYAPARA

Thomas Joseph Mboya alizaliwa Agosti 15, 1930 katika shamba la mkonge la Mzungu huko Kilima Mbogo, karibu na Thika. Wazazi wake walitoka kisiwa cha Rusinga katika Ziwa Victoria. Baba yake, Leonardus Ndiege, alikuwa nyapara katika shamba hilo.

Kuzaliwa mbali na kwao kulimpa kijana huyo jambo moja ambalo lingemfaa baadaye: alikua akisikia na kuzungumza lugha za jamii mbalimbali. Alisoma katika shule za wamishenari wa Kikatoliki, kwanza Kabaa huko Ukambani, kisha Yala katika Nyanza, na hatimaye Mang'u. Huko Mang'u masomo yalikatika kwa sababu karo haikupatikana.

Mwaka 1948 alijiunga na chuo kilichowafunza wakaguzi wa afya huko Kabete, ambako mwanafunzi alipata posho badala ya kulipa karo. Alipofuzu, aliajiriwa na Halmashauri ya Jiji la Nairobi mwaka 1951. Wakati huo Nairobi ilikuwa imepewa hadhi ya jiji mwaka mmoja tu uliotangulia.

Kazi ya bwana afya ilimfundisha ubaguzi kwa hesabu za mshahara. Mwafrika aliyekuwa na cheti kilekile na kufanya kazi ileile alilipwa takriban sehemu moja kwa tano ya mshahara wa mkaguzi Mzungu. Katika kitabu chake cha mwaka 1963, Mboya alisimulia jinsi mwanamke Mzungu alivyoingia ofisini, akamkuta yeye peke yake, kisha akauliza kama kulikuwa na mtu yeyote mle ndani.

MITAA YA MASHARIKI

Ili kuelewa nguvu ya Mboya, ni sharti kuelewa mitaa iliyomlea kisiasa. Utawala wa kikoloni uligawa Nairobi kwa rangi. Wazungu walikaa kwenye vilima vya magharibi vyenye hewa safi, Wahindi wakapewa Ngara, Parklands na Eastleigh, na Waafrika wakasukumwa katika nyanda za mashariki, ng'ambo ya reli na Mto Nairobi.

Huko ndiko ilikokuwa Pumwani, mtaa uliotengwa kwa ajili ya Waafrika tangu miaka ya 1920. Baadaye zikaja Shauri Moyo, Ziwani, Starehe na Kaloleni, na nyumba za wafanyakazi wa reli za Muthurwa na Makongeni. Bahati, Mbotela, Ofafa na Jericho zilifuata. Vyumba vilijengwa kwa dhana kwamba Mwafrika ni kibarua wa kupita tu, asiye na mke wala watoto mjini, ambaye atarejea kijijini nguvu zikimwishia.

Wakazi wake walikuwa makarani, madereva, mafundi wa reli, wapishi wa hoteli, wafagiaji wa barabara na vibarua wa viwandani. Walitoka kila pembe ya Kenya na hata Uganda na Tanganyika. Walikutana kwenye vilabu vya pombe, viwanja vya kandanda na katika kumbi za mitaa.

Kumbi hizo zilikuwa bunge la maskini. Katika ukumbi wa Kaloleni, Aprili 23, 1950, Makhan Singh aliwasilisha hoja ya kudai uhuru kamili wa Afrika Mashariki. Majuma matatu baadaye yeye na Fred Kubai walikamatwa, na Nairobi ikakumbwa na mgomo mkuu uliodumu kwa zaidi ya juma moja. Serikali ilimweka Singh kizuizini hadi mwaka 1961.

Basi Mboya alipojiunga na chama cha wafanyakazi wa halmashauri, alikuta uwanja uliokwisha kulimwa na wengine na kumwagiwa machozi yao. Alikigeuza chama hicho cha watumishi kuwa chama kamili cha wafanyakazi wa serikali za mitaa, akakaa nje ya ofisi za waajiri wake bila woga, na hatimaye akaacha kazi ya halmashauri.

HALI YA HATARI

Oktoba 20, 1952 serikali ilitangaza hali ya hatari. Jomo Kenyatta na viongozi wengine wa chama cha KAU walikamatwa. Mboya, ambaye alikuwa ametia mguu katika siasa hivi karibuni, akabebeshwa jukumu la kutunza hazina ya KAU hadi chama hicho kilipopigwa marufuku Juni 1953.

Tangu siku hiyo, Mwafrika wa Kenya hakuwa na chama cha kisiasa cha kitaifa. Vyama vya wafanyakazi ndivyo vilivyobaki kuwa sauti pekee iliyoruhusiwa kisheria. Mwaka huohuo Mboya alichaguliwa kuwa katibu mkuu wa shirikisho la vyama hivyo, ambalo mwaka 1955 lilibadilisha jina na kuitwa Kenya Federation of Labour, KFL. Alikuwa na umri wa miaka 23.

Jaribio lake kubwa lilikuja Aprili 24, 1954. Alfajiri ya siku hiyo maelfu ya askari walizingira Nairobi katika msako uliopewa jina la Anvil. Walipita nyumba kwa nyumba katika mitaa ya Eastlands, wakiwatenga Wakikuyu, Waembu na Wameru. Watu zaidi ya 20,000 walipelekwa kizuizini katika kambi za Lang'ata, Mackinnon Road na Manyani, na maelfu ya wake na watoto wakarudishwa mashambani kwa nguvu.

Vyama vya wafanyakazi vilibaki mifupa mitupu. Makatibu, waweka hazina na wanachama wa kawaida walitoweka kwa siku moja. Mboya, aliyesalimika kwa kuwa si wa jamii zilizolengwa, aliandika malalamishi, akakusanya maelezo ya waliokamatwa na kuyapeleka kokote ambako yangesikizwa.

Ni hapo ndipo alipohitaji rafiki wa nje. Gavana hangemsikiza, polisi wangeweza kumkamata wakati wowote, na magazeti ya walowezi yalimwona kuwa mchochezi. Rafiki huyo alipatikana Brussels.

RAFIKI WA BRUSSELS

Vita Kuu ya Pili ilipokwisha mwaka 1945, vyama vya wafanyakazi vya dunia viliungana katika shirikisho moja, WFTU. Umoja huo haukudumu. Uhasama kati ya Marekani na Urusi uliligawanya, na mwaka 1949 vyama vya nchi za Magharibi vikajitenga na kuunda Shirikisho la Kimataifa la Vyama Huru vya Wafanyakazi, lililojulikana kwa kifupi ICFTU, makao yake yakiwa Brussels.

Shirikisho la Kenya lilijiunga na ICFTU. Mwaka 1953 Brussels ilimtuma Nairobi Mkanada aliyeitwa James Bury kusaidia vyama vya Kenya katika kipindi hicho kigumu. Kwa mara ya kwanza, mfanyakazi aliyefurushwa kutoka Bahati au Makongeni alikuwa na mtu wa kumfikishia kilio chake ng'ambo.

Faida ilionekana haraka. Machi 1955 wafanyakazi wa bandari ya Mombasa waligoma. Mboya alikwenda huko, akawashawishi warudi kazini huku akidai mwamuzi wa haki, na hatimaye wakapata nyongeza ya mshahara ya asilimia 33. Habari hizo zilipofika Nairobi, jina lake lilivuma katika kila kiwanda.

Baadaye mwaka huo alikwenda kusoma katika Chuo cha Ruskin, Oxford. Mwaka 1956 alizuru Marekani, ambako shirikisho la wafanyakazi la nchi hiyo, AFL-CIO, liliahidi dola 35,000 za kujengea KFL makao yake. Hicho ndicho chanzo cha jengo la Solidarity.

Mwaka huohuo wa 1956 serikali ya kikoloni ilitishia kuifutia KFL usajili kwa madai kwamba inafanya siasa. Kiongozi wa vyama vya wafanyakazi vya Uingereza, Sir Vincent Tewson, alifunga safari hadi Nairobi kusuluhisha, na KFL ikaponea chupuchupu. Bila marafiki hao wa ng'ambo, huenda sauti hiyo ya mwisho ya Waafrika ingezimwa.

Hilo ndilo lililomfanya Mboya ashikilie uanachama wa ICFTU hata pale ulipoanza kumletea aibu. Alijua, kwa kupitia hayo mwenyewe, kwamba chama kichanga katika nchi iliyotawaliwa kwa bunduki hakiwezi kudumu bila mtu wa kukipazia sauti nje.

KUTOKA KALOLENI HADI ACCRA

Machi 1957 Waafrika wa Kenya walichagua wajumbe wao wa Baraza la Kutunga Sheria kwa mara ya kwanza. Wapigakura walichujwa kwa elimu, mali na umri wa utumishi, hivyo walikuwa wachache. Katika kiti cha Nairobi, Mboya alikabiliana na Clement Argwings-Kodhek, wakili wa kwanza Mwafrika nchini, aliyependwa kwa kuwatetea watuhumiwa wa Mau Mau mahakamani. Mboya alishinda kwa tofauti ya kura zisizofika 400.

Baada ya ushindi huo aliunda chama cha Nairobi People's Convention Party. Kwa kuwa vyama vya kitaifa vya Waafrika vilikuwa bado marufuku, kilikuwa chama cha wilaya moja tu. Mikutano yake katika kumbi za Eastlands ilijaa hadi watu wakasimama madirishani. Machi 1959 polisi waliwavamia viongozi wake majumbani usiku, na gazeti la chama, Uhuru, likapigwa marufuku.

Wakati huo nyota yake ilikuwa tayari inang'aa mbali na Nairobi. Mwaka 1958 alipewa uenyekiti wa kamati ya ICFTU ya Afrika Mashariki, Kati na Kusini. Desemba mwaka huo Kwame Nkrumah aliitisha mkutano mkuu wa watu wa Afrika mjini Accra, na wajumbe wakamchagua Mboya kuwa mwenyekiti wake. Alikuwa na umri wa miaka 28. Miongoni mwa waliohudhuria ni Patrice Lumumba wa Congo, ambaye wakati huo hakujulikana sana.

Kutoka jukwaa hilo Mboya aliwataka wakoloni waondoke Afrika, akikumbusha jinsi mataifa ya Ulaya yalivyoligawana bara hili kule Berlin miaka zaidi ya 70 iliyotangulia. Ilionekana kana kwamba yeye na Nkrumah walikuwa pacha wa hoja moja. Lakini mkutano huohuo ulikuwa umebeba mbegu ya utengano wao.

Accra iliazimia kwamba Afrika iwe na shirikisho lake la wafanyakazi. Swali likawa: je, wanachama wa shirikisho hilo wangeruhusiwa kubaki katika ICFTU?

HOJA ZA PANDE MBILI

Nkrumah na katibu mkuu wa vyama vya wafanyakazi vya Ghana, John Tettegah, walisema la. Kwao, Afrika haikupaswa kuegemea Magharibi wala Mashariki. Walihoji ni vipi wafanyakazi wa bara linalopigania uhuru wakae meza moja na vyama vya nchi zilezile zinazolitawala, tena chini ya bendera iliyoshonwa kwa fedha za Wamarekani. Mwaka 1959 Ghana ilijitoa katika ICFTU.

Hoja hiyo haikuwa ya mzaha. Ilikuwa na uzito ambao wafuasi wa Mboya hawakupenda kuukiri. Wakati huo ICFTU ilitegemea sana michango ya vyama vya nchi tajiri, na wajumbe wa Marekani kama Irving Brown walizunguka Afrika wakiwa na lengo la wazi la kuzuia ukomunisti.

Mboya naye alijibu kwamba siasa za dola na siasa za wafanyakazi si kitu kimoja. Serikali inaweza kutofungamana na upande wowote, lakini mfanyakazi anahitaji usaidizi wa wafanyakazi wenzake popote walipo. Alitaka kila nchi iachiwe uamuzi wake: anayetaka ICFTU abaki, asiyetaka atoke, na wote wakutane katika shirikisho la Afrika.

Alikuwa na shaka nyingine pia. Huko Ghana, chama cha wafanyakazi kilikuwa kimefungwa kwa kamba moja na chama tawala, na migomo ilikuwa imewekewa vikwazo na sheria ya mwaka 1958. Mboya aliogopa kwamba umoja wa aina hiyo ungemfanya katibu wa chama cha wafanyakazi kuwa mtumishi wa waziri.

Novemba 1959 utengano ulidhihirika. ICFTU ilikutana Lagos, na kambi ya Ghana ikafanya mkutano wake Accra wakati huohuo. Mboya alikwenda Lagos. Kuanzia hapo magazeti na redio za Ghana zikaanza kumwita kibaraka.

Mzozo ukaingia hadi ndani ya nyumba yake. Arthur Ochwada, aliyekuwa naibu wake katika KFL, alijitenga mwaka 1959 na kuunda shirikisho pinzani kwa kuungwa mkono na Ghana. Wafanyakazi wa Nairobi wakajikuta wakiitwa kwenye mikutano miwili siku moja. Shirikisho hilo jipya halikupata mizizi, lakini lilionyesha kwamba mabishano ya Accra yangeweza kupasua chama katika mtaa wa Pumwani.

Novemba 1960 Mboya alisafiri hadi Accra kutafuta suluhu, naye na Tettegah wakatoa taarifa ya pamoja. Maafikiano hayo hayakudumu. Mei 1961 Shirikisho la Vyama vya Wafanyakazi vya Afrika Nzima, AATUF, lilizinduliwa rasmi Casablanca, na wanachama wake wakapewa miezi kumi kujiondoa katika mashirika mengine ya kimataifa. Januari 1962 vyama vilivyokataa sharti hilo, KFL ikiwamo, vilikutana Dakar na kuunda shirikisho lao. Bara moja likawa na mashirikisho mawili.

EASTLANDS YATOA HUKUMU

Huku viongozi wakibishana ng'ambo, wapigakura wa Nairobi walipata nafasi ya kusema yao. Katika uchaguzi wa Februari 1961, Mboya aliwania kiti cha Nairobi Mashariki. Mpinzani wake mkuu alikuwa Dkt Munyua Waiyaki, daktari aliyeheshimika na mwanachama mwenzake wa KANU.

Wakosoaji wa Mboya waliamini kwamba safari hii angeanguka. Wapigakura wengi wa eneo hilo walikuwa Wakikuyu, na tuhuma za kuwa mtu wa Wamarekani zilikuwa zimeenea. Mboya alitumia ndege kuwa alama yake ya uchaguzi, akikumbusha watu wanafunzi 81 waliosafirishwa kwenda Marekani mwaka 1959 na mamia ya wengine waliofuata.

Matokeo yaliwashangaza wengi. Mboya alipata kura zaidi ya 31,000 ilhali Waiyaki hakufikisha 3,000. Mfanyakazi wa Shauri Moyo alikuwa amesikia kila aina ya lawama dhidi ya mtu huyo, akapima, kisha akaamua kwamba nyongeza ya mshahara na nafasi ya mwanawe kusoma zilikuwa na thamani kuliko ugomvi wa mashirika asiyoyajua.

Hata hivyo, kura hizo hazikumaliza hoja yenyewe. Zilithibitisha kwamba Mboya aliaminiwa nyumbani. Hazikujibu swali la nani alilipa gharama za urafiki wake, na kwa nini.

WAZIRI NA CHAMA CHAKE

Mwaka 1962 Mboya alikuwa Waziri wa Leba katika serikali ya mseto iliyotangulia uhuru, na akaacha uongozi wa KFL. Oktoba mwaka huo alisimamia kutiwa saini kwa mkataba wa mahusiano kazini kati ya serikali, waajiri na vyama vya wafanyakazi. Mwaka 1963 alichaguliwa mbunge wa Nairobi ya Kati, eneo ambalo baadaye lilijulikana kama Kamukunji, na uhuru ulipopatikana akawa Waziri wa Haki na Masuala ya Katiba, kisha wa Mipango ya Uchumi.

Lakini jeraha la zamani halikupona. Kundi la viongozi wa vyama, miongoni mwao Dennis Akumu aliyewahi kuwa mfuasi wa Mboya, liliasi KFL na kuunda shirikisho pinzani lililojiunga na AATUF. Upande mmoja ulihusishwa na Mboya na nchi za Magharibi, mwingine na Makamu wa Rais, Jaramogi Oginga Odinga, na nchi za Mashariki. Kila upande ulimshutumu mwenzake kwa kula fedha za wageni.

Agosti 1965 wafuasi wa makundi hayo walipigana Mombasa na watu watatu wakapoteza maisha. Rais Kenyatta aliingilia kati. Mashirikisho yote mawili yalifutiwa usajili, na Septemba mwaka huo likaundwa shirikisho moja tu, COTU. Liliamriwa lijiondoe katika ICFTU na AATUF pia. Rais akapewa mamlaka ya kuteua katibu mkuu kutoka miongoni mwa majina matatu yaliyopendekezwa na wajumbe. Clement Lubembe akawa wa kwanza kushika wadhifa huo.

Hapo ndipo penye utata mkubwa kuliko wote katika maisha ya Mboya. Kwa miaka sita alikuwa amepinga mfumo wa Ghana kwa kuwa ulikiweka chama cha wafanyakazi mikononi mwa serikali. Sasa serikali ambayo yeye mwenyewe alikuwa miongoni mwa mawaziri wake wakuu ilifanya jambo linalofanana na hilo. Haki ya wafanyakazi kujichagulia marafiki wa ng'ambo, aliyoitetea Accra na Lagos, ilifutwa Nairobi.

Watetezi wake wanasema damu ilikuwa imemwagika na nchi changa haingestahimili uhasama wa vyama viwili. Wakosoaji wanajibu kwamba alikuwa amevuka upande wa pili wa meza, na kutoka huko mgomo huonekana kuwa tishio. Pande zote mbili zina hoja, na rekodi ya miaka hiyo haimpi yeyote ushindi kamili.

Mwaka 1967 magazeti ya Marekani yalifichua kwamba shirika la ujasusi la nchi hiyo, CIA, lilikuwa limepitisha fedha kwa siri katika vyama vya wanafunzi na vya wafanyakazi. Afisa wa zamani wa shirika hilo alikiri kumkabidhi Irving Brown fedha. Ufichuzi huo uliwapa wapinzani wa ICFTU barani Afrika sababu ya kusema kwamba shaka yao haikuwa wivu mtupu.

RISASI YA GOVERNMENT ROAD

Jumamosi, Julai 5, 1969 Mboya alipigwa risasi alipokuwa akitoka katika duka la dawa kwenye barabara ya Government, ambayo sasa ni Moi Avenue. Alikuwa na umri wa miaka 38. Nahashon Njenga Njoroge alipatikana na hatia na kunyongwa mwaka huohuo, lakini swali la aliyemtuma halijawahi kupata jibu la kuwaridhisha Wakenya.

Miezi mitano kabla ya hapo, Argwings-Kodhek, aliyeshindana naye mwaka 1957 na ambaye sasa alikuwa waziri mwenzake, alikuwa amefariki katika ajali ya gari. Ibada ya wafu ya Mboya katika kanisa la Holy Family iligeuka ghasia nje, polisi wakatumia vitoa machozi. Mwili wake ulisafirishwa hadi Rusinga kuzikwa.

Ghasia hizo zilikuwa na maana ya pekee kwa Eastlands. Mtu ambaye Wakikuyu wa mitaa hiyo walikuwa wamempigia kura kwa maelfu mwaka 1961 sasa aliombolezwa kwa misingi ya kabila. Kaloleni na Bahati, zilizowahi kukaa pamoja katika ukumbi mmoja kumsikiza, zilitazamana kwa hofu.

KITI CHAPATA MWENYEWE

Mwaka 1973 nchi za Afrika zilimaliza utengano wa miaka ya 1960 kwa kuunda shirikisho moja la vyama vya wafanyakazi vya bara zima, OATUU, katika kikao kilichofanyika Addis Ababa. Makao yake yaliwekwa Accra, na katibu mkuu wake wa kwanza akawa Mkenya, Dennis Akumu, aliyeushika wadhifa huo hadi mwaka 1986.

Hivyo kiti ambacho Mboya alibishaniwa sana kilikaliwa na kijana aliyeanza siasa chini yake, akamwasi, kisha akawa katibu mkuu wa COTU. ICFTU yenyewe ilivunjwa mwaka 2006 ilipoungana na shirikisho jingine kuunda ITUC, ambayo COTU ni mwanachama wake. Sharti la kuchagua upande mmoja, lililowagawanya wafanyakazi wa Kenya hadi wakauana, lilikufa pamoja na vita baridi vilivyolizaa.

Mboya alikosea katika baadhi ya mambo, na hasa aliponyamazia kile alichokikemea kwa wengine. Lakini hoja aliyoipeleka Accra mwaka 1960 ndiyo iliyoshinda mwishowe: kwamba mfanyakazi wa Afrika anaweza kuwa mwanachama wa shirikisho la bara lake na la dunia kwa pamoja bila kumsaliti yeyote. Alichokosa ni umri wa kutosha kuona ikikubaliwa, na pengine wa kuwaeleza wafanyakazi wa Eastlands, waliomtuma ng'ambo kuwasemea, kwa nini mwaka 1965 waliamuliwa mambo yao bila kuulizwa.